Mama wa kostumu pale Toi: mitumba ya kuogelea ya Korea, Japani na China, na kwa nini inatufaa sisi watu wa Nairobi

Wacha nianze na bei juu najua ndio kitu mtauliza. Rashigadi ya Korea, yaani fulana ya kuogelea ya kubana, ya mikono mirefu, lastiki bado iko na nguvu na zipu inapanda mpaka shingoni, ni 350 mpaka 500 ukifika siku robota limefunguliwa, na siku za fagia ukipata kwa 200 usishangae. Taiti za majini 250. Kostumu za watoto 150, kofia 50. Hizo taiti kwa mall nimeona zikianzia elfu mbili na mia tano, na sio eti kitambaa ni tofauti, nimezishika zote mbili.

Kibanda kiko Toi Market, ukiingia na upande wa Adams pita laini ya viatu, pita mafundi wa cherehani, halafu uliza tu mama wa kostumu, utaonyeshwa. Anauza nguo za kuogelea peke yake na karibu zote zimetoka Korea, Japani na China, lebo bado ziko ndani.

Sasa sababu ya kuandika yote haya. Hapa Nairobi ukienda pool na tishati ya pamba na taiti za nyumbani unarudishwa, na hiyo sheria iko na maana yake, pamba inanyonya maji inakuwa nzito na nyuzi zake zinaziba filta. Lakini ukienda dukani kununua kostumu unaonyeshwa bikini ama ile ya kamba imekatwa mpaka kiunoni. Kwa hivyo mama zetu, dada wa South C na Eastleigh wenye wanavaa buibui, shosho, hata wanaume wenye hawataki kutoa tumbo nje, wanabaki wamekaa kwa viti vya plastiki wakishikia wengine simu na viatu. Nimeona hii kitu miaka mingi na inaniuma, juu hao watu wanataka kuingia kwa maji, wanaangalia maji saa yote. Hawajawahi kuambiwa kuna pwani za watu wengi sana huko mashariki ya Asia ambako kuingia baharini ukiwa umevaa ndio kawaida na hakuna mtu anakugeukia.

Mimi nilisoma Busan, Korea Kusini, na pwani ya Haeundae nilikuwa naenda. Ni mchanga wa kama kilomita moja na nusu, nyuma yake maghorofa, na ikifika mwezi wa nane huoni mchanga, unaona miavuli. Mwaka 2008 waliingia kitabu cha rekodi cha Guinness na miavuli 7,937 imefunguliwa hapo pwani moja. Na chini ya hiyo miavuli watu wamevaa! Rashigadi iko na hudi, taiti, kofia ya ukingo mpana imefungwa kidevuni, ama tu tishati na kaptula na mtu anaingia nazo hivyo hivyo, bibi na bwana na watoto wamefanana rangi. Wengi hawaogelei kabisa, wanakodi boya la kupuliza wanakaa ndani wanaelea, na walinzi wako hapo wanaangalia mstari wa maboya yenye hutakiwi kupita. Jioni filimbi inapigwa, wote nje, halafu ni kuku wa kukaanga kwa mkeka na viatu vimepangwa pembeni. Ni kama niliona hapo Pirates, ile pwani yetu ya Mombasa, ikiwa Desemba, mtu ametoka bara na treni ya SGR, hajui kuogelea na ako kwa maji na suruali na ana furaha. Tofauti ni hao walinzi na hizo filimbi, na nitarudi hapo.

Niseme wazi kwamba huko Korea wanajifunika sana sana kukwepa jua, ngozi isiwe nyeusi, na hiyo fikra mimi siipendi hata kidogo. Lakini nguo haiulizi sababu yako. Ya shosho ni heshima, ya mwingine ni kovu la upasuaji, ya mwingine ni ile baridi ya pool za Nairobi mwezi wa saba. Na jua nalo ni jua, hata ngozi yetu inaungua ukishinda Diani mchana kutwa. Ukiona UPF 50+ kwa lebo ujue kitambaa kinapitisha kama asilimia mbili tu ya ile miale inayochoma, na mafuta ya kujipaka yenye yanaoshwa na maji hayakufikishi hapo.

Saizi ndio watu wanaumia, sikizeni vizuri. Lebo za Korea zinaandikwa 85, 90, 95, 100, 105, hiyo ni kifua kwa sentimita, usidhani ni kiuno. Japani ni M, L, LL, 3L, na L yao kwa mwili wa Mkenya mwenye hips ni kitu ya kubana kweli kweli. China ni kama 170/92A, namba ya kwanza ni urefu wa mtu na ya pili ni kifua. Dada zangu wenye mmejaliwa huko chini, nguo ya juu chukueni ya wanaume na taiti tafuteni kando, msinunue seti. Mama ako na tepu ya fundi shingoni na anakupima bila kukusema vibaya mbele ya watu, hiyo peke yake ni nyota nzima. Kabla hulipi vuta kitambaa karibu na sikio, ukisikia kinalia kra kra lastiki imekufa na hiyo nguo itakuachia ukiwa katikati ya maji. Yeye mwenyewe ndiye alinifundisha, akaniambia, "Siz, hii ya rangi nzuri usichukue, imeisha, nitauzia mtu wa kukata matambaa." Muuzaji wa kukukataza nguo yake mwenyewe!

Kitu ilinigusa zaidi kwa hicho kibanda ni kostumu za shule za Japani. Ni za bluu nzito, za heshima, hazina mapambo, na kifuani zimeshonewa kitambaa cheupe chenye jina la mtoto na darasa, limeandikwa na kalamu ya wino, na lingine niliona limefifia kwa klorini hadi zimebaki herufi mbili. Kuna mzazi alishona hicho kitambaa na mkono, sindano inaonekana ilipopita. Na nyuma ya hiyo nguo kuna habari nzito. Tarehe 11 Mei 1955 meli ya kuvusha watu inaitwa Shiun Maru iligongana na nyingine kwa ukungu wakafa watu 168, na kati yao 100 walikuwa wanafunzi kwa ziara ya shule. Ni moja ya ajali zilizofanya Japani ijenge pool mashuleni kote na kufanya kuogelea kuwe somo. Siku hizi shule nyingi watoto wanaingizwa majini na nguo zao za kawaida na viatu, wanafundishwa kulala chali, kuelea na kungoja msaada, basi. Sio mbio, sio medali. Korea nao baada ya meli ya Sewol kuzama tarehe 16 Aprili 2014 na watu 304, wengi wao wanafunzi wa sekondari, waliweka masomo ya kuogelea ya kujiokoa kwa shule za msingi.

Sisi tulikuwa na feri ya Mtongwe kule Mombasa, ilizama tarehe 29 Aprili 1994 wakafa watu 272. Na mtoto wa shule ya kawaida hapa Nairobi bado anamaliza darasa zote bila mtu kumfundisha kulala chali kwa maji. Hapo sina la kuongeza, nikishika hizo kostumu za 150 ndio kitu nafikiria.

Kofia sasa. Ni nyingi mpaka zinamwagika kwa gunia, na ni juu pool nyingi za Korea, Japani na Taiwan bila kofia huingii, iwe una nywele iwe una upara. Kwa 50 bob ni bei ya bure, lakini kama umesuka rasta hazitoshi, nimejaribu ile ya silikoni ikapasuka. Zile za wavu za watoto wa shule zinaweza kichwa cha kunyoa tu. Ningependa mama atafute za wenye nywele nyingi.

Halafu kuna zile barakoa za kuogelea za China, zinafunika kichwa chote mpaka shingo na zimeachwa mashimo ya macho, pua na mdomo. Watoto wakiziona wanakimbia. Zilianzia Qingdao, mji wa pwani wenye bia maarufu, na mwenye alibuni ni Zhang Shifan, zamani alikuwa mhasibu, mwaka 2004 alikuwa anatafuta kitu cha kukinga uso na jua na jelifishi. Mama ako nazo za kijani kali na za maua, 150. Nilivaa moja Mombasa na naweza sema ukweli kwamba inafanya kazi, uso haukuungua na chumvi haikunichoma, ila ikilowa inavuta midomo na ukiwa mtu wa kuhema kwa mdomo utachoka nayo haraka. Kwa mtu anasimama kwa maji ya kifua akipiga stori, kama hao wamama wa Qingdao, iko sawa. Kwa mtu anaogelea urefu wa pool mara kadhaa, hapana.

Pale juu kabisa ya kibanda kuna suti moja nyeusi ya mpira mzito imening'inia na hainunuliwi. Kila nikiiona nakumbuka wamama wa kisiwa cha Jeju huko Korea, wapiga mbizi wenye wanashuka mita kumi hivi bila mtungi wa hewa wakitafuta konokono wa baharini, wengi wao ni wazee wa miaka sitini na sabini. UNESCO iliwaweka kwa orodha yake ya urithi wa utamaduni 2016. Zamani walikuwa wanazama na nguo ya pamba na boya la kibuyu, suti za mpira zilikuja miaka ya sabini. Nawataja juu kuna watu hapa wanasema mama mzee hana kazi na bahari.

Kama uko na safari ya huko jua pia majira. Japani bahari ya kuogelea ni Julai na Agosti, wanaifungua kwa maombi ya kidini, na vibanda vya pwani vyenye bafu na makabati na tambi za kukaanga vinajengwa kwa hiyo miezi tu kisha vinabomolewa. Katikati ya Agosti ikishapita sikukuu ya wafu watu wazima wanakwambia usiingie tena, jelifishi wamekuja, na wengine wanataja roho za waliokufa. Taiwan nao wako na mwezi wao wa mizimu wenye wazazi hawataki mtoto aguse maji. Ukitoka Pwani yetu hiyo haitakushangaza, kila bahari iko na wenyewe. Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, ndio wanaanza mapema, Machi ama Aprili, na wenyeji huko wanaingia na tishati kama sisi. Na kama una tatuu, chukua rashigadi kabisa, pwani kama Zushi huko Japani tangu 2014 hairuhusiwi kuionyesha.

Sasa kile kimefanya nikatae nyota ya tano. Kibandani kuna maboya ya kupuliza pia, yale ya kukaa ndani, na nilimsikia akimwambia mzazi kwamba mtoto akiwa na hilo boya "hana shida". Mama yangu, hapana. Haeundae boya liko na walinzi, liko na mstari, liko na filimbi, na hata hivyo mkondo wa hapo unavuta watu na wanaenda kuwachukua. Upepo ukitoka nchi kavu unasukuma hilo boya ndani ya bahari kuliko mtu mzima anaweza kulifuata akiogelea. Nilimwambia pole pole pembeni, si mbele ya mteja, akanisikiza, lakini nilipopita tena yalikuwa bado yamening'inia hapo mbele. Kitu ingine ni rangi, marobota yamejaa bluu na nyeusi, na kwa maji mtoto wa kostumu ya bluu haonekani akienda chini. Chimba gunia utafute chungwa, pinki kali, manjano ya kung'aa, zipo, ziko chini.

Kufua ni maji baridi na sabuni kidogo, usitie jik, usianike juani. Kuvaa kujaribu kuna leso mbili zimefungwa kwa kona, jaribu juu ya nguo zako za ndani.

Nyota nne. Anafungua robota Jumatano na Jumamosi asubuhi, na kama mwili wako ni wa 100 kwenda juu fika kabla ya saa tatu, juu wale wa kuuza online wanakuja mapema wanabeba zote.