Kozi ya wiki 8 kuhusu mahakama za mataifa: nimeimaliza, na nina ya kusema

Mimi ni mfasiri wa habari, na kozi hii niliingia kwa aibu. Niliwahi kuandika kwamba nchi fulani "imeshtakiwa The Hague kwa uhalifu." Mhariri akanirudishia habari ikiwa na swali moja pembeni: mahakama ipi? Sikuwa na jibu. Kwangu mimi The Hague ilikuwa jengo moja lenye majaji wa majoho.

Somo la kwanza tu lilitosha kunitoa gizani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huhukumu watu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile iliyo katika Kasri la Amani, husikiliza nchi dhidi ya nchi, na hapo hafungwi mtu. Kwa hiyo hakuna mshtakiwa. Kuna mdai na mdaiwa. Kwa mtu anayeishi kwa maneno, somo hilo peke yake lilinilipa muda wangu.

Kozi ni ya mtandaoni, video fupi na maandishi mengi. Uzuri wake ni kwamba kila wiki hujengwa juu ya kesi moja, na unalazimishwa kusoma hukumu yenyewe badala ya muhtasari wake. Wiki ya pili nilitaka kuacha, kwa sababu ilikuwa mamlaka, mamlaka, mamlaka: mahakama ina haki ya kusikiliza kesi gani. Lakini ndipo nilipoelewa kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Haki haiwezi kuiburuta nchi isiyotaka kuja. Lazima nchi iwe imeridhia: kwa makubaliano ya kupeleka mgogoro huo mahususi, kwa kifungu cha mkataba iliousaini, au kwa tamko la kukubali mamlaka ya mahakama mapema. Ndiyo maana kesi nyingi huanza na pingamizi la awali, yaani hoja ya mdaiwa kwamba mahakama haiwezi kuisikiliza kesi hiyo, na miaka hupita kabla ya mtu kugusa kiini cha ugomvi. Kesi ya Somalia na Kenya kuhusu mpaka wa bahari ilifunguliwa 2014, pingamizi la Kenya likakataliwa 2017, hukumu ikatoka Oktoba 2021. Kenya haikushiriki katika vikao vya Machi mwaka huo, na siku chache kabla ya hukumu ikatangaza kujiondoa katika tamko lake. Zamani nilikuwa nasoma habari kama hizo nikidhani ni siasa tupu. Sasa najua mlango gani ulifunguliwa na upi ulikuwa unafungwa.

Wiki niliyoipenda kuliko zote ni ya hekalu la Preah Vihear, Cambodia dhidi ya Thailand, hukumu ya 1962. Mkataba ulisema mpaka ufuate mgongo wa maji, yaani mstari wa juu unaogawa maji ya mvua pande mbili. Ramani iliyochorwa na maofisa wa Ufaransa, iliyoitawala Cambodia wakati huo, na kuchapishwa 1907 ikaliweka hekalu upande wa Cambodia. Thailand ikasema ramani imekosea. Sasa sikiliza: Siam, kama ilivyoitwa wakati huo, ilipopokea ramani zile haikulalamika. Waziri wake wa mambo ya ndani alishukuru na kuomba nakala nyingine 15! Mwaka 1930 mtu huyohuyo alikwenda kulitembelea hekalu, akapokewa rasmi na ofisa wa Ufaransa huku bendera ya Ufaransa ikipepea. Bado kimya. Majaji 9 kwa 3 wakaamua kwamba aliyenyamaza miaka yote hiyo alikuwa amekubali. Nilisoma kurasa hizo mara mbili, usiku, kama mtu anayesoma riwaya ya upelelezi.

Ya Qatar na Bahrain nayo ina utamu wake: Qatar iliwasilisha nyaraka 82 ambazo Bahrain ilidai ni za kughushi, na mwishowe Qatar yenyewe ikaacha kuzitegemea. Hapa ningetamani video ndefu zaidi. Walipita juu juu.

Kasoro kubwa ni wiki ya saba, ya utekelezaji wa hukumu. Dakika chache, basi. Walitaja kwamba nchi iliyoshinda inaweza kwenda Baraza la Usalama, wakataja Nicaragua dhidi ya Marekani ya 1986 na jinsi Marekani ilivyotumia kura ya turufu, wakafunga. Hilo ndilo swali ambalo kila msomaji wangu huniuliza! Mbona basi nchi nyingine hutii? Libya ilipopoteza ukanda wa Aouzou kwa Chad mwaka 1994 iliondoa majeshi yake mwaka huohuo, waangalizi wa Umoja wa Mataifa wakishuhudia. Nigeria na Kamerun zilihitaji miaka 6 baada ya hukumu ya 2002 kumaliza makabidhiano ya rasi ya Bakassi, iliyokwenda kwa Kamerun, na mkataba mwingine katikati. Haya nilijitafutia mwenyewe.

Maswali ya kujipima nayo ni ya kitoto. Majaji wangapi? 15. Muhula? Miaka 9. Nani asiyeweza kukariri hayo? Heri wangeuliza kwa nini nchi isiyo na jaji wake mahakamani huruhusiwa kuteua mmoja kwa kesi hiyo tu. Nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka, nikadhani ni upendeleo. Kisha nikafikiria serikali iliyoshindwa inavyorudi kuwaeleza watu wake, na cheko likaisha.

Nampendekezea nani? Mwandishi wa habari, mwalimu wa historia, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza. Wakili aliyebobea ataona wanamchelewesha. Asiyependa kusoma kurasa ndefu asijisumbue.

Cheti kimefika jana, jina langu limekosewa herufi moja. Nikinyamaza kama Siam huenda ndilo litakuwa jina langu, kwa hiyo nimewaandikia leo asubuhi.