Wino wa chembe nano za fedha kwa saketi zinazokunjika: uzoefu wangu

Baada ya kuutumia kwa muda mrefu wino huu wa fedha unaochapwa ili kupitisha umeme, naweza kusema bila kusita kwamba ni bidhaa nzuri, ila chupa yenyewe ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni joto, na kile unachochapia. Ukinunua wino bila kuyafikiria hayo mawili, utapata michoro ya kupendeza isiyopitisha umeme.

Kazi yangu ni kuchapa njia za umeme za vihisi vya mguso na unyevu kwenye plastiki nyembamba. Wino ninaotumia una chembe za fedha zenye kipenyo cha takriban nanomita 50 (nanomita elfu moja ni maikromita moja, na maikromita elfu moja ni milimita moja), na fedha ni kama theluthi ya uzito wake. Nauchapa kwa printa ya kawaida ya ofisini, ile inayosukuma wino kwa mtikisiko wa piezo, yaani fuwele inayojinyoosha ikipewa umeme. Printa zinazorusha matone kwa kuuchemsha wino sizipendekezi kwa kazi hii. Kwamba printa ya mezani inatosha si jambo geni: mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Georgia Tech na Microsoft Research walionyesha saketi zilizochapwa kwa njia hiyohiyo. Adui ni kuziba. Tundu za kichwa cha printa zina upana wa maikromita chache, ishirini hivi, kwa hiyo chembe moja moja hupita bila shida, lakini zikishikana mafungu hazipiti. Tikisa chupa, chuja wino kabla ya kuujaza, na usiiache printa ikae siku nyingi bila kuchapa chochote.

Sasa joto, maana hapo ndipo wino unapopata au kukosa thamani yake. Fedha ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi. Chembe ikiwa ndogo kiasi hiki, sehemu ya atomi zake iliyo juu ya uso ni kubwa kuliko kwenye kipande cha kawaida; atomi hizo hazijabanwa na wenzake pande zote, na huwa tayari kusogea na kuungana na chembe jirani kwa joto dogo zaidi. Mtafiti Takagi alionyesha tangu 1954 kwamba utando mwembamba sana wa metali kama risasi, bati au bismuthi huyeyuka chini ya kiwango cha kawaida. Katika wino, chembe hazihitaji hata kuyeyuka: zinashikana shingo kwa shingo kati ya nyuzi 120 na 200, kutegemea zimevikwa nini. Na lazima zivikwe kitu, kwa kawaida polima au kemikali nyingine ya kikaboni, la sivyo zingeshikana ndani ya chupa. Vazi hilo linalouhifadhi wino ndilo linalozuia umeme baada ya kuchapa, na kazi ya kuoka ni kuliondoa.

Tofauti nimeipima mwenyewe. Mstari wenye upana wa milimita 1 na urefu wa sentimita 10, ukiwa umekauka tu hewani, multimita, yaani kipima umeme, haioni njia kabisa. Ukiokwa kwa nyuzi 120 kwenye plastiki ya PET, ukinzani wake, yaani kiasi unachouzuia umeme, ulishuka hadi omu 45. Mstari wa vipimo vilevile kwenye poliimidi, plastiki inayostahimili joto zaidi, nyuzi 180 kwa nusu saa, ulinipa omu 16. Kwa unene wa maikromita 0.4, hiyo ni kama mara nne ya ukinzani ambao fedha safi ingekuwa nao, kwa sababu kati ya chembe hubaki vijitundu na masalia ya lile vazi. Kwangu hayo ni matokeo mazuri sana kwa kitu kilichotoka kwenye printa.

Ndiyo maana nasisitiza plastiki. PET ni rahisi kupatikana na inang'aa, lakini ukiikaribia nyuzi 150 huanza kujikunyata na mistari inapoteza vipimo. Poliimidi, ile ya rangi ya kaharabu, huvumilia hata nyuzi 300, ila wino haupendi kutandaa juu yake. Nisipoisafisha vizuri kwa alkoholi matone hujikusanya. Hata yakitandaa, joto la kukaushia likiwa baya chembe hukimbilia ukingoni, na mstari unakauka kama doa la chai mezani: kingo nzito, katikati pepesi. Kuna pia karatasi maalumu zenye tabaka la kemikali, mara nyingi lenye kloridi, linalolivua lile vazi bila oveni. Mstari unaanza kupitisha umeme mara tu unapokauka. Kwa majaribio ya haraka sijaona kilicho bora kuliko karatasi hizo.

Usiutegemee kwa umeme mkubwa. Omu 16 haziisumbui taa ndogo ya LED inayokula miliampea 10, kwani volti inayopotea njiani haifiki hata 0.2. Mota inayovuta nusu ampea ingepoteza volti 8 kwenye mstari huohuo. Antena pia zinahitaji tahadhari. Kwenye masafa ya megahezi 13.56, yanayotumika kwenye kadi za kugusisha, mkondo ungependa kina cha maikromita 17 hivi za shaba, na tabaka langu halifiki nusu ya maikromita. Kibandiko chenye antena nilichochapa kilisomeka kikigusishwa tu. Kilichonisaidia ni kuutumia mstari wa fedha kama msingi na kuuongezea shaba kwa umeme ndani ya myeyusho wa salfeti ya shaba.

Kwenye kukunjwa, wino huu umenifurahisha mradi mstari uwe upande wa ndani wa mkunjo. Upande wa nje chembe zinavutwa, nyufa zinaanza, na ukinzani unapanda. Kulehemu ni kugumu zaidi kuliko kukunja: bati lililoyeyuka huila fedha, na mstari unatoweka chini ya ncha ya chuma ukiwa unautazama. Lehemu ya bati na bismuthi, inayoyeyuka kwa nyuzi 138, inapunguza tatizo, lakini kwa vifaa vidogo nimehamia kwenye gundi inayopitisha umeme na sijajutia.

Wino wa shaba niliujaribu pia kwa sababu fedha ni ghali. Shaba hupitisha umeme karibu sawa na fedha, lakini chembe zake hushika oksijeni haraka, na oveni ya kawaida inaziharibu badala ya kuziunganisha. Mwenye taa ya mmweko ya zenoni, inayozipasha joto chembe kwa muda mfupi mno kabla plastiki haijapata moto, aufikirie. Kwa mwenye oveni tu, abaki na fedha, aihifadhi chupa kwenye friji bila kuigandisha, na mabaki ya wino asiyamwage kwenye sinki: fedha ni sumu kwa viumbe wa majini. Mimi huyakusanya kwenye chupa yake pamoja na vitambaa vya kufutia na kuyapeleka yanakopokelewa taka za kemikali.