Cisco 2921 ya mtumba kama geitiwei ya simu: boksi nyota nne, mafundi nyota moja

Wale mnaulizia geitiwei ya simu za branchi (boksi inayounganisha simu za ofisi na laini za nje), sisi tuko na ruta ya Cisco 2921 huku Industrial Area, Nairobi, seva za simu ziko Upper Hill, huku ni hiyo boksi tu na laini ya E1, yaani chaneli 30 za kuongea. Boksi naipea nne.

Kwa MGCP, yaani lugha ambayo seva huiongozea geitiwei, geitiwei haijiamulii kitu, kila simu lazima iulize seva kwanza, sasa seva ikilala na hukuweka ya akiba ofisi nzima imenyamaza. Hapo ndio hii kitu imenifurahisha. Unaiandikia seva kuu kwa `mgcp call-agent`, halafu mpaka mbili za akiba kwa `ccm-manager redundant-host`, inazifuata vile umezipanga. Kila sekunde 15 inapiga hodi, ikimaliza sekunde 30 haijajibiwa inahamia seva ya pili. Tuliizima seva kuu makusudi Jumamosi moja, dada wa mapokezi alikuwa kwa simu anabishana na dereva wa lori na wakabishana mpaka wakamalizana, hakuna aliyesikia kitu 😂. Seva kuu ikirudi nayo geitiwei haikimbilii, inangoja simu ya mwisho iishe ndio irudi, hiyo ndiyo `graceful` na huja hivyo yenyewe. Kuna watu huweka `immediate`, irudi hapo hapo, sijui huwa wanaharakisha wapi.

Sasa mafundi. Kampuni siitaji, lakini walituuzia stori ya seva tatu, ati hamtawahi kosa simu, na zote tatu ziko nyuma ya faiba moja!! Wachimba barabara wakikata hiyo faiba, seva za akiba hata zikiwa kumi zinakusaidia na nini? Dawa yake iko ndani ya boksi yenyewe: `ccm-manager fallback-mgcp`, inayoifanya geitiwei ijiamulie seva zote zikipotea, pamoja na SRST (hali ya dharura ya kujitegemea) ili simu za mezani zijisajili kwa geitiwei badala ya seva, na dayali-pia zako za kuelekeza namba. Walikuwa wameweka, sikatai, ila faiba ilipokatwa kweli tukaanza kuona maajabu, ukipiga namba ya 07 inatoka, 020 inatoka, ukipigia mteja wa 01 haitoki kabisa, kumbe dayali-pia ya 01 hakuna. Ya 999 pia hakuna!! Kwa godauni lenye forklift na watu juu ya ngazi. Nikawapigia wakasema hiyo ni kazi mpya, walete kotesheni. Kotesheni ya mistari mitatu jameni. Niliziandika mwenyewe.

Na mjue hili kabla hamjaanza kulaumu boksi: ikishuka kwa hiyo fallback, simu zilizokuwa zinaendelea kwa PRI, yaani kwa hiyo laini ya E1, zinakatika. Ishara za D-chaneli (ile ya kuanzisha na kukata simu) hupelekwa hadi kwa seva kwa mtandao, poti ya TCP 2428, seva zote zikipotea na hiyo inaenda nazo. Kuhama seva moja hadi nyingine simu inabaki, kushuka SRST inakatika, basi ukitesti testi zote mbili, chomoa hadi waya wa faiba, usikubali kuonyeshwa tu seva ikizimwa halafu usaini.

Nyota ya tano nimeinyima sababu ya umri. Ziliacha kuuzwa 2017 na sapoti ikaisha 2022, zilizoko mjini ni mtumba, na kwa mtumba angalia vitu viwili kabla hujatoa pesa. Fungua kifuniko uone kama chipu za PVDM3, zile za kuchakata sauti, zimo, bila hizo kadi ya E1 haibebi sauti, na kuna wauzaji huzitoa wakaziuza kando. Halafu mwambie aiwashe muone laisensi ya UC (ya kazi za simu) kwa `show license`. Akikwambia boss hiyo utaweka ukifika ofisini, nenda duka la pili.