Vali ya ng'ombe iliyopitia pajani: nyota nne

Nilizaliwa na tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo. Kifua kimefunguliwa mara mbili, nikiwa na miaka 3 na tena nikiwa na 16, kwa hiyo daktari aliposema safari hii vali ya mapafu, ile iliyo kwenye njia ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni, itapitia kwenye mshipa wa paja, nilidhani ananituliza tu.

Niliwekewa Melody: kipande cha mshipa wa shingo ya ng'ombe, pamoja na vali yake ya asili, kimeshonewa ndani ya stenti, yaani kimrija cha wavu wa chuma. Philipp Bonhoeffer ndiye aliyemwekea mtu vali ya namna hii kwa mara ya kwanza, mtoto wa miaka 12 huko Paris, mwaka 2000.

Kinachostahili sifa zaidi ni jaribio la puto. Kabla ya kuingiza vali, wanajaza puto pale itakapokaa, huku wakipitisha dawa ya rangi kwenye mishipa inayolisha moyo wenyewe, waone kama inabanwa. Ikibanwa, basi, unaamka bila vali. Mimi niliambiwa hilo nimeshavalishwa gauni, nasubiri nusu kaputi. Jambo kama hilo huambiwi mlangoni!

Nilipozinduka mkono ulikwenda kidarini wenyewe. Hakuna bandeji. Kinenani plasta moja na uvimbe wa zambarau. Kulala chali saa sita bila kukunja mguu ndiko kulikonitesa. Mgongo uliuma kuliko kidonda. Kesho yake nikaruhusiwa. Ngazi ambazo nilikuwa nikisimama katikati, najifanya nasoma simu, sasa nazipanda huku naongea.

Si ya kila mtu, lakini. Melody hukaa vizuri zaidi kwa sisi tuliokwisha kuwekewa kwa upasuaji mrija wa kupeleka damu mapafuni. Ambao njia yao ya damu kwenda mapafuni ilipanuliwa kwa kiraka, mara nyingi huwa pana mno. Kwa ajili yao Marekani iliidhinisha vali nyingine, Harmony, mwaka 2021. Na Melody itachakaa tu, ingawa nyingine huweza kuingizwa humohumo nafasi ikiruhusu.

Nyota niliyoikata ni ya vijidudu, ambavyo vali hii huvivutia. Kabla ya kung'oa jino nameza antibiotiki. Homa ikija bila sababu, kinyume chake: simezi hata kidonge kimoja cha antibiotiki mpaka damu ichukuliwe ikaoteshwe maabara, maana ukitangulia kumeza, kijidudu hujificha kipimo kisikione.