Gari la zamani kiangazi: turubai au banda la bati?

Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni nadra. Gari la zamani likiegeshwa, adui zake ni jua na vumbi. Turubai ni nafuu, unanunua na kufunika siku hiyohiyo. Ila upepo wa Julai ukilipigapiga, vumbi lililoingia chini yake husugua rangi kama msasa. Nimeona boneti ya Corolla ikifubaa hivyo, michirizi hadi kwenye taa. Ni lazima mtu alikaze turubai kila wiki. Banda ni ghali, na panya wakiingia hutafuna nyaya, lakini dashibodi haipasuki kwa jua. Ukisafiri kwa mwezi mmoja, turubai linatosha. Kwa msimu mzima, kama una kiwanja chako, jenga banda. Kokote utakakoliacha, chomoa waya wa hasi wa betri.