Kauli ya kutendwa katika The Cambridge Grammar of the English Language: anza na sura ya 16

Kitabu hiki cha Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum kilitoka mwaka 2002, kina sura 20 na kurasa zaidi ya 1,800. Mfasiri au mwalimu wa Kiingereza halazimiki kukimaliza ndipo kimfae. Kwa kauli ya kutendwa, fungua sura ya 16, inayoeleza jinsi habari inavyopangwa ndani ya sentensi. Imeandikwa na Gregory Ward, Betty Birner na Huddleston mwenyewe.

Darasani wengi tulifundishwa kwamba kutendwa ni "be", umbo la tatu la kitenzi, kisha "by". Kitabu kinaonyesha kwamba kanuni hiyo haitoshi. "He got arrested" ni kutendwa bila "be". "The car needs washing" haina "be" wala umbo la tatu, lakini maana yake ni kwamba gari linahitaji kuoshwa. "The bus exploded" nayo haimtaji mtendaji yeyote, na bado si kutendwa. Ni sawa na kusema kwa Kiswahili "basi lililipuka". Mhariri anayeikata sentensi hiyo akidai ni ya kutendwa amechanganya kukosekana kwa mtendaji na umbo la kitenzi.

Sehemu inayomfaa zaidi Mswahili ni ile ya sentensi kama "The window was broken". Kiingereza kina umbo moja, sisi tuna mawili: dirisha lilivunjwa, au dirisha lilikuwa limevunjika. La kwanza ni tukio, la pili ni hali, na hapo "broken" ni kivumishi. Ili kujua ni lipi, badilisha "was" uweke "seemed" au "remained": sentensi ikikubali, kuna kivumishi. Ukiongeza "by the children", maana ya tukio ndiyo inayotawala. Fanya jaribio hili kabla ya kuchagua kati ya -w- na -ik-, maana kosa hapa hubadilisha habari yenyewe: aliyevunja yupo au hayupo?

Kuna pia "That chair has been sat on". Kihusishi "on" kimebaki mwishoni bila nomino yake, na wanafunzi hukidondosha. Kwetu kazi hiyo imo ndani ya kitenzi: kaa, kalia, kaliwa, kiti kile kimekaliwa. Mwanafunzi akiona kwamba "on" inafanya kazi ya ile -li- ya "kalia", haiachi tena. Ulinganisho huu ni wetu, maana kitabu kinashughulika na Kiingereza tu.

Kuhusu "by", sura inasisitiza jambo ambalo vitabu vya shule huliruka. Kiima cha sentensi yenye "by" hakitakiwi kuwa kigeni zaidi katika mazungumzo kuliko nomino inayofuata "by". Ndiyo maana "A new car was bought by me" inakwaza hata kama kila neno liko mahali pake: gari ndiyo habari mpya, msemaji anajulikana tayari. Zoezi la kugeuza sentensi kumi za kutenda ziwe za kutendwa, bila muktadha wowote, linazalisha sentensi za namna hii kwa wingi.

Upungufu upo. Istilahi ni ngeni hata kwa aliyesoma isimu, na habari za vitenzi visivyokubali kutendwa, kama "lack" na "resemble", hazieleweki vizuri bila kurudi sura ya 4. Jifunze alama mapema: * ni sentensi isiyokubalika, % ni ya lahaja fulani tu. Anayeruka alama hizo ataishia kunukuu kosa kama mfano sahihi.

Bei na uzito vinafaa maktaba ya chuo kuliko mkoba wa mwanafunzi. Kwa matumizi ya darasani kuna toleo fupi la waandishi haohao, la mwaka 2005, lililohuishwa mwaka 2022 pamoja na Brett Reynolds.