Begonia ya Viazi yenye Maua Maradufu: Mmea Bora, Maelezo Haba

Mwezi Februari nilinunua viazi vitatu (sehemu nene za ardhini zinazopandwa) vya begonia ya maua maradufu, ua la bustani, katika kitalu kimoja kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, kila kimoja shilingi 900. Bei ilinishtua, kwani kwa fedha hizo ningepata miche kadhaa ya waridi.

Ua la kwanza lilifunguka mwishoni mwa Mei, rangi ya papai lililoiva, upana wa kiganja changu, petali zikiwa zimebanana hata kitovu hakionekani. Lilikuwa zito kiasi kwamba nililazimika kulifunga kwenye kijiti. Pembeni mwake yalitoka maua mawili madogo yenye petali chache na kifuko cha mbegu chenye mabawa matatu: hayo ndiyo majike, nami huyakata mapema ili dume la katikati lipate nguvu. Dume ndilo lenye wingi wa petali, kwa sababu stameni zake, yaani sehemu za kiume zinazotoa chavua, zimegeuka petali, na ndiyo maana aina hii mara nyingi huendelezwa kwa viazi au vipandikizi vya shina.

Nasaba yake ni ya zamani. Begonia za milima ya Andes, Amerika Kusini, ambazo mkusanyaji wa mimea Richard Pearce alizipeleka Uingereza miaka ya 1860, ndizo chimbuko, na mzalishaji wa maua Victor Lemoine wa Nancy, Ufaransa, akatoa za maradufu katika miaka ya 1870. Kwa asili hiyo ya nyanda za juu, ubaridi wa Nairobi unazifaa sana.

Hata hivyo, muuzaji aliniambia niviweke viazi juani na kuvimwagilia kila siku. Kiazi cha kwanza kilioza. Viwili vilivyobaki nilivihamishia kwenye veranda yenye kivuli, upande uliobonyea ukitazama juu, lakini Aprili machipukizi ya maua yalianza kudondoka. Kumbe mchana wetu wa takribani saa 12 hauutoshi mmea huu, ambao siku zikiwa fupi huacha kuchanua, hujaza kiazi chake na kulala. Niliwasha balbu ya umeme kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, na baada ya wiki kadhaa machipukizi yakarudi kwa wingi.

Mmea ninaupa nyota 4 kati ya 5, kitalu nyota 2. Nitanunua tena, na nimemwomba mwenye kitalu aandike mahitaji ya mwanga kwenye kila mfuko.